UZI: Kununua 4x4 iliyotumika ambayo tayari imenyanyuliwa – chungulia uvungu kwanza

Mchungulia_Uvungu

Wakuu, salaam. Swali la "nimeona Patrol imenyanyuliwa, nichukue?" linarudi kila mara, na kila mara linajibiwa "inategemea". Nimefungua uzi huu tuandike inategemea nini hasa. Wenye uzoefu wa springi, difu (lile bonge la gia lililo kwenye ekseli) na breki karibuni mnisahihishe.

Msimamo wangu ni huu: urefu wenyewe si kasoro wala si sifa. Ukinunua gari lililonyanyuliwa, unanunua gari pamoja na kazi ya fundi usiyemjua. Springi ndefu hufungwa nusu siku na zinaonekana. Vile vitu vilivyotakiwa kubadilishwa pamoja nazo havionekani kwenye picha, na ndivyo vinavyorukwa. Kwa hiyo ukifika kwenye gari usishangae kilichofungwa. Tafuta ambacho hakikufungwa.

Anza kwa kujua limenyanyuliwa kwa njia gani.

Njia ya kwanza ni springi na shokapu ndefu. Ya pili ni kunyanyua bodi: vipande vya plastiki ngumu au alumini vinawekwa kati ya bodi na chasisi, springi zinabaki zilezile. Ya tatu ni matairi makubwa peke yake. Magari mengi yana mchanganyiko, na muuzaji mara nyingi hajui.

Usichanganyikiwe na neno "kunyanyua". Kwenye ekseli nzima, yaani chuma kimoja kinachounganisha gurudumu la kulia na la kushoto, kinachoinua difu kutoka ardhini ni tairi tu. Ukitoka tairi la inchi 31 kwenda 33, difu inapanda inchi 1, yaani nusu ya tofauti ya kipenyo. Springi za inchi 2 hazipandishi difu hata milimita. Kazi yake ni kuinua bodi ili tairi lipate nafasi na pua ya gari isigonge kwenye mpando. Gari lenye springi za inchi 4 na matairi ya kawaida linaonekana refu, lakini difu itagonga jiwe lilelile.

Kipimo cha kwanza hakihitaji jeki. Chukua futi, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda juu yake, magurudumu yote manne, gari likiwa tambarare na tupu. Kipimo hiki hakiathiriwi na ukubwa wa tairi. Linganisha na gari la modeli hiyohiyo lisiloguswa. Tofauti ndiyo urefu ulioongezwa. Kulia na kushoto zikipishana zaidi ya milimita 15, ama springi moja imechoka ama kuna kitu kimepinda. Usikubali maelezo ya "upande wa dereva huwa chini" kabla ya kuona uvunguni.

Bodi ikiwa imenyanyuliwa utaijua kwa kuchungulia kwenye tao la gurudumu: boluti za bodi ni ndefu, na kuna kipande cha duara juu ya mpira wake. Mbele, bampa na bodi vimeachana. Inchi 1 inavumilika. Inchi 3 mimi siigusi, kwa sababu kila kinachounganisha bodi na chasisi kimevutwa: shafti ya usukani, bomba la kujazia mafuta, kebo ya ethi, kava ya feni. Redieta inapanda na bodi, feni inabaki na injini, panga za feni zinagusa kava. Angalia kama kava imekatwa sehemu ya chini. Feni isiyofunikwa vizuri haivuti hewa ya kutosha, na gari litachemka kwenye mpando wa taratibu ilhali mjini halina shida.

---

Tope_Jekundu

Asante mkuu. Mimi naangalia zenye springi za mbele huru (kila gurudumu la mbele linapanda na kushuka peke yake), kama Prado 120 na Hilux za kuanzia 2005. Watu wanasema inchi 2 ni salama. Kweli?

---

Boljointi

Inchi 2, yaani milimita 50, ndiyo mpaka wa kawaida kwa aina hiyo ukitumia mikono ya juu ya kiwandani (vyuma vinavyoshika gurudumu kwa juu). Ila namna ilivyopatikana hiyo 50 ina maana kuliko namba yenyewe.

Kuna waliofunga koili na shokapu ndefu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Hao sawa. Kuna waliotia kipande cha chuma juu ya shokapu ya kiwandani. Hapo uwe macho. Shokapu inashika katikati ya mkono, si mwishoni, kwa hiyo kipande cha milimita 25 hadi 30 kinapandisha gurudumu karibu mara mbili yake. Shokapu na kipande kwa pamoja zimekuwa ndefu kuliko kiwanda kilivyopima, na matatizo yanatokea pande zote mbili. Gurudumu likining'inia, boljointi ya juu inafika mwisho wake na sivijointi (kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu la mbele) inakunjwa kupita kiasi. Gurudumu likipanda kwa nguvu, shokapu inagonga ndani yake yenyewe kabla mkono haujafika kwenye mpira wa kuzuia.

Namna ya kukagua:

Inua mbele kwenye chasisi hadi magurudumu yaning'inie, weka stendi. Angalia mikunjo ya mpira wa sivijointi. Kwenye pembe kali mikunjo inasuguana, na mpira unapasuka kwenye bonde la mkunjo, si juu yake. Itanue kwa vidole uone ndani. Mpira unaotoa jasho la grisi umeshaanza.

Angalia nafasi kati ya koili na mkono wa juu. Rangi ikiwa imekwanguka na chuma kinang'aa, vinagusana. Hapo ilitakiwa mikono ya juu ya kubadilishia.

Halafu nenda kwenye boluti za kurekebishia alaimenti kwenye mkono wa chini. Zina alama kama za rula. Alama ikiwa imesukumwa hadi mwisho kabisa na bado tairi limelika ukingo mmoja, ujue alaimenti imeishiwa. Hakuna mashine itakayoirudisha. Inahitajika kununua mikono. Hiki ndicho kitu ninachokitazama kwanza kwenye aina hii, na kinachukua dakika moja.

Hilux za zamani na Pajero zenye tosheni baa (fimbo ya chuma inayojipinda badala ya springi) ni hadithi nyingine: wengi hawakufunga chochote, walikaza boluti tu. Kukaza hakuongezi urefu wa mwendo. Kunahamisha gari hadi karibu na mwisho wa juu, na gurudumu halina tena pa kushukia. Gari likiwa limesimama chini, angalia mpira unaozuia mkono wa juu kushuka. Ukiwa unagusa au umebaki upenyo wa kidole kimoja, hilo gari litagonga kila shimo.

---

Fundi_Ekseli

Niongezee upande wa ekseli nzima mbele: Land Cruiser 70 ya koili, 80 na 105, Patrol Y60 na Y61, Defender, Jimny. Nyingi ya hizi zinanyanyuliwa kwa urahisi, na ndiyo maana zinanyanyuliwa vibaya.

La kwanza ni kasta. Tazama uma wa baiskeli: umelala nyuma kidogo, ndiyo maana gurudumu linajinyoosha lenyewe. Ekseli nayo ina mlalo wa namna hiyo. Magari niliyotaja yanashikwa na mikono mirefu inayotoka kwenye ekseli kwenda nyuma kwenye chasisi. Ukiinua chasisi, mikono inashuka pembe, na ekseli yote inazunguka mbele. Mlalo unapungua, kwa kawaida nyuzi 1 hivi kwa kila inchi. Gari likipoteza nyuzi 2 au 3 linaanza kutangatanga: kila upepo, kila lori likipita, unarekebisha usukani.

Dalili yake barabarani: kata kona ya taratibu, legeza mikono. Usukani ukikaa ulipo bila kurudi katikati, kasta imeisha. Muuzaji atasema ni matairi. Omba karatasi ya alaimenti na usome safu ya kasta. Gharama ya kupima ni ndogo kuliko kubahatisha. Dawa ni bushi zenye tundu la pembeni kwa inchi 2 hivi, zaidi ya hapo mikono iliyopinda au pleti za kushusha.

Sasa kuna mtego. Ukizungusha ekseli nyuma ili kurudisha kasta, pua ya difu inaelekea chini, na propela shafti ya mbele (fimbo inayopeleka nguvu kwenye difu) inapata pembe mbaya. Kwenye gari la 4x4 ya muda wote kama nyingi za 80, hiyo shafti inazunguka daima, kwa hiyo utasikia mtetemo kuanzia mwendo fulani. Kwenye gari lenye habu za kufungua, shafti inalala ukiwa kwenye 2, mtetemo hausikiki mpaka uingize 4. Jaribu hali zote mbili.

La pili ni panhadi, ile fimbo ndefu inayovuka kutoka chasisi upande mmoja kwenda ekseli upande wa pili. Gari likipanda, fimbo inaivuta ekseli pembeni. Shusha uzi wenye nati kutoka ukingo wa fenda, pima hadi ubavu wa tairi, kulia na kushoto. Milimita chache si hoja. Zikizidi 10 hadi 15, ilitakiwa panhadi ya kurekebishika. Pima na nyuma pia, watu husahau.

La tatu ni ile tetemeko ya usukani inayozuka ghafla ukikanyaga shimo ukiwa mwendo wa 70 au 80, hadi usimame. Chanzo ni ulegevu: bushi za panhadi, tairodi, beringi za nako (kiungo kinacholiwezesha gurudumu la mbele kukata kona), matairi yasiyobalansi. Shokapu mpya ya usukani kwenye gari ambalo vitu vingine vyote ni vya zamani inanipa mashaka. Inaficha ugonjwa kwa miezi. Mpe mtu ausukume usukani kulia na kushoto injini ikiwaka, gari likiwa chini, wewe ukiwa uvunguni umeshika ncha ya panhadi. Bushi iliyokwisha utaisikia mkononi kabla ya kuiona.

Kisha inua gurudumu. Shika juu na chini, tikisa: mchezo hapo ni beringi za habu au za nako. Mwambie mtu akanyage breki, tikisa tena. Mchezo ukipotea ni beringi za habu, ukibaki ni nako. Shika kulia na kushoto: hapo ni tairodi.

---

Breki_Kwanza

Mmeandika vizuri lakini hakuna aliyetaja breki, na mimi ningeiweka juu ya yote.

Magari mengi ya aina hii ambayo hayana mfumo wa elektroniki wa kugawa breki yana vali nyuma, kwenye chasisi juu ya ekseli, na fimbo nyembamba kutoka kwenye vali hadi kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Ukipakia, chasisi inashuka, fimbo inapanda, vali inaruhusu presha zaidi breki za nyuma. Gari likiwa tupu, fimbo iko chini, presha ya nyuma inapunguzwa ili magurudumu yasijifunge.

Ukinyanyua gari bila kuigusa fimbo, chasisi iko mbali na ekseli siku zote. Vali inaamini gari ni tupu milele. Unapakia watu saba na mizigo, breki za nyuma bado hazipati presha. Za mbele ndizo zinazosimamisha kila kitu, pedi za mbele zinaisha haraka, disko zinachemka kwenye mteremko mrefu.

Lala chini nyuma ya gurudumu la nyuma, fuata mabomba ya breki hadi uione. Panapofungwa fimbo pawe na kipande cha kuinulia kinacholingana na inchi zilizoongezwa. Mara kwa mara utakuta haina kipande, au imefungwa kwa waya ikaelekezwa juu moja kwa moja, au imekatwa kabisa. Kufungwa juu kabisa nako si dawa: gari likiwa tupu kwenye barabara yenye maji, nyuma itajifunga na kuteleza.

Halafu mabomba ya mpira. Gurudumu likining'inia na usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kila upande, bomba liwe bado na ulegevu. Lililonyooka kama uzi wa gitaa limeshavutwa kwenye ncha zake za chuma. Likunje kidogo pale lilipobanwa. Nyufa ndogo zinaonekana hapo kwanza. Waya wa kihisi cha ABS unapita njia hiyohiyo, nao unakatika kimyakimya. Washa swichi bila kuwasha injini na uhakikishe taa ya ABS inawaka kisha inazima. Isiyowaka kabisa imetolewa balbu au imezibwa.

Kwenye springi za bapa, yaani zile za vyuma vilivyopangwa: kipande cha kuinulia kati ya springi na ekseli kinavumilika nyuma, mbele hapana. Mbele, nguvu ya breki na ya usukani inaweza kukizungusha kikatoka. Ukikiona mbele, usiliendeshe hata kwa majaribio. Na yuboluti (boluti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) ziwe mpya, zenye nyuzi safi zilizobaki juu ya nati. Yuboluti ikishakazwa kikamilifu imeshavutika, haifai kurudiwa. Zenye kutu ya zamani kwenye springi mpya zimerudiwa.

---

Hesabu_za_Gia

Habari za matairi na gia, kwa sababu hapa ndipo mnunuzi anapodanganyika kuhusu kilomita pia.

Kujua kipenyo: 315/75R16 maana yake upana 315, kimo ni asilimia 75 ya 315, yaani 236. Mara mbili ni 472, jumlisha rimu ya inchi 16 ambayo ni 406, unapata milimita 879, karibu inchi 34.6. Size ya 275/70R16, tuseme ndiyo ya kiwandani, kwa hesabu hiyohiyo ni 791. Tofauti ni asilimia 11.

Maana yake: dashibodi ikisema 100, gari linakwenda 111. Na kilomita zilizoandikwa ni pungufu kwa karibu asilimia 10 kwa kipindi chote ambacho matairi hayo yalikuwa yamefungwa, isipokuwa kama spidomita ilirekebishwa. Jaribu kwa GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka.

Upande wa nguvu: difu ya 4.10 yenye tairi la inchi 31, ukiweka 35, inafanya kazi kama 3.63. Yaani 4.10 mara 31 gawa kwa 35. Gari linakuwa zito kuondoka, gia ya juu haitumiki kwenye mpando, klachi inaungua, au giaboksi ya otomatiki inabadilisha gia mbele na nyuma bila kutulia na mafuta yake yanachemka. Kurudisha hali ya mwanzo unahitaji 4.63, na gia zinazopatikana zilizo karibu ni 4.56 na 4.88. Kwa tairi la 33 unaweza kuishi na gia za kiwandani kama injini ina torki ya kutosha. Kwa 35 bila kubadili gia, hesabu gharama ya difu mbili kwenye bei unayotoa.

Muuzaji akisema gia zimeshabadilishwa, hakikisha. Kwenye difu ya nyuma ya kawaida: gia nyutro, funga kabari magurudumu ya mbele na lile la nyuma linalobaki chini, legeza hendibreki, inua gurudumu moja la nyuma. Chora alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela shafti. Zungusha tairi raundi 2 kamili na uhesabu raundi za shafti. Shafti ikizunguka 4 na kidogo, ni 4.10. Ikikaribia 5, ni 4.88. Tairi likikataa kuzunguka, difu ina LSD (inayobana magurudumu mawili yazunguke pamoja) au loka (kufuli ya difu) imejifunga: inua yote mawili, zungusha pamoja raundi 1, hesabu shafti. Fanya na mbele. Mbele na nyuma lazima zilingane. Zikitofautiana, ukiingiza 4 kwenye lami transfa (giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) inavunjika.

Na msisahau tarehe ya tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa msimbo wa DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la tope lenye meno mazuri linaweza kuwa na miaka 9, kwa sababu gari lilikuwa linasimama. Meno si umri.

---

Msafiri_Mrefu

Naomba nipinge kidogo. Mnaeleza kana kwamba ukirekebisha kasta na breki basi gari limekuwa zima. Gari refu linapinduka kirahisi, na hilo halirekebishwi na bushi.

---

Mchungulia_Uvungu

Uko sahihi mkuu, na tuiweke kwa namba. Kipimo rahisi kinachotumika, hata na mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ni upana kati ya matairi gawa kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito. Chukua gari la upana milimita 1500 na kitovu kwenye 700: unapata 1.07. Pandisha kitovu milimita 75, ambacho ni springi za inchi 2 na tairi kubwa kwa pamoja: 0.97. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo linavyopinduka kwa kona ndogo zaidi. Weka tenti, spea na madumu juu ya paa, inashuka tena.

Rimu zinazotokeza nje zinaongeza upana na kusaidia namba hiyo kidogo, lakini zinahamisha mzigo mbali na beringi ya habu, na usukani unavutwa kwenye kila shimo. Spesa za rimu vua tairi uzione. Ziwe zimekaa kwenye kola ya habu, si kuning'inia kwenye stadi peke yake, na nati zake zikazwe kwa spana ya torki. Zile bapa zisizo na boluti zake mwenyewe, zinazokula urefu wa stadi, toa.

Kwa hiyo, anayetaka gari la familia la barabara ndefu ya lami, jibu langu ni asinunue lililozidi inchi 2, hata likiwa limefungwa kwa ustadi. Gari ni zuri, kazi yake ni nyingine. Na kabla ya kulipia uliza bima yako na ukaguzi wa magari unakubali kiasi gani cha mabadiliko. Sheria zinatofautiana sana kati ya nchi na nchi, na bima ambayo haikuambiwa kuhusu springi inaweza kukataa dai.

---

Fundi_Ekseli

Kabla hatujasahau: maji.

Gari la aina hii limeingia mtoni, hilo lichukulie kuwa ni hakika. Kila difu ina bomba dogo la kupumulia. Difu moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa ndani yake inasinyaa na inavuta. Bomba likiwa refu hadi chumba cha injini, inavuta hewa. Likiwa limechomoka, na kunyanyua gari mara nyingi ndiko kunakolichomoa kwa kuwa lilikuwa fupi, inavuta maji.

Fungua nati ya kujazia oili, ingiza kidole. Oili nzuri ina rangi ya asali au nyeusi kidogo. Yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji, na beringi zimeshaanza kutoboka. Fanya difu zote mbili, transfa na giaboksi. Muuzaji anayekataa nati nne kufunguliwa amekujibu.

Ndani, inua kapeti ya mbele na ushike sponji chini yake. Angalia reli za viti na boluti zake. Tope jembamba juu ya giaboksi, mahali ambapo pampu ya kuoshea haifiki, linaonyesha maji yalifika wapi. Snokeli usiiamini kwa kuiona: fungua kava ya filta ya hewa, tazama kama kuna mstari wa vumbi au tope upande wa ndani. Snokeli nyingi hazikuzibwa kwenye viungo, au boksi la filta bado lina tundu lake la kutolea maji chini.

Chasisi: weka macho pale steringi boksi inapofungwa, panapoanzia panhadi, na vishikio vya shokapu. Matairi mazito yanapindisha hapo kila siku. Rangi nyeusi mpya sehemu hiyo tu, ikwangue. Ufa ulioshonwa bila pleti ya kuongezea nguvu utarudi.

---

Kiti_cha_Mbele

Wakuu, nimesoma yote. Gari ninaloangalia: Land Cruiser 80, futi inaonyesha limepanda milimita 60 mbele na 65 nyuma, tairi ni hizohizo 315/75R16, gia za kiwandani. Gari halitangitangi sana ila usukani haurudi vizuri katikati. Fimbo ya vali ya breki haina kipande. Oili za difu safi, chasisi safi, matairi ya 2021. Mbele kwenye nako kuna grisi nyeusi kidogo. Niache?

---

Breki_Kwanza

Usiache kwa hayo. Oili safi na chasisi safi ndivyo vigumu kununua. Vingine ni orodha ya kazi: kipande cha fimbo ya breki na mabomba marefu ya breki kabla hujalitumia hata wiki moja.

---

Fundi_Ekseli

Na bushi za kasta au pleti, kwa urefu huo bushi peke yake zinaweza zisitoshe, pima kwanza. Nako: panguza mpira wa chuma kwa kitambaa. Utando mwembamba wa grisi ni kawaida kwa ekseli hiyo. Ikiwa ni uji mwepesi unaodondoka, sili ya ndani imekwisha na oili ya difu imechanganyika na grisi. Ni kazi ya siku nzima kwa pande zote mbili, pamoja na beringi na sili, si kazi ya kutisha. Ikiwa imeachwa muda mrefu, sivijointi nazo zimekula mchanga: kata usukani hadi mwisho, zunguka taratibu kulia kisha kushoto, sikiliza mlio wa "ka-ka-ka".

---

Hesabu_za_Gia

Kwenye majaribio, panda mpando mrefu kwa gia unayoitarajia na utazame geji ya joto. Kisha ingiza gia ya chini, L, pandisha na kushuka mteremko ukiachia eksileta ghafla. Leva ikirukia nyutro, transfa imechoka. Kwenye lami, kwenye mwendo wa 80, kanyaga na achia mara kadhaa: mtetemo unaokuja ukikanyaga tu ni pembe ya shafti, ule usiobadilika ni balansi ya tairi au kros za propela zilizokauka. Andika gharama za vyote hivyo, toa kwenye bei.

---

Kiti_cha_Mbele

Shukrani sana. Spea yake ni 275/70R16, muuzaji anasema inatosha kufika kwa fundi wa pancha.

---

Mchungulia_Uvungu

Kwenye 80 hapana. Nyingi ni 4x4 ya muda wote, na tairi dogo kwa karibu asilimia 10 upande mmoja linafanya difu ya ekseli hiyo na ya katikati zizunguke bila kupumzika hadi mafuta yake yachemke. Loki ya katikati ikiwa imefungwa ni mbaya zaidi. Hesabu tairi la tano la ukubwa uleule kwenye bei. Na kabla ya kulinunua, pima nafasi ya spea chini ya bodi: 315 kwa kawaida haikai pale, itahitaji kibebeo cha kwenye bampa ya nyuma. Hicho nacho ni kilo kadhaa nyuma ya ekseli, kwa hiyo muulize muuzaji springi zake za nyuma ni za mzigo wa kilo ngapi.